Mbio za magari ndani ya televisheni: mazuri na mabaya ya mchezo ambao vijana wetu wanaupenda



Miezi michache iliyopita wamama wa kanisa letu walileta jambo moja mbele ya wazee. Walisema kwamba watoto wao, wakitoka shuleni, wanapotelea katika chumba kimoja chenye televisheni, jenereta na mashine ya kuchezea. Mtoto analipa franka kidogo, anapewa manete mkononi, kisha anaendesha gari ndani ya televisheni mpaka pesa yake iishe. Mama mmoja alisema pesa ya masomo ya mwanawe iliishia pale. Mwingine alisema mwanawe, ambaye ni motari na anabeba abiria mpaka Kasongo, anajisifu kwamba alijifunza kukata kona katika mchezo huo. Waliomba kanisa liukataze kabisa.

Mzee mmoja akauliza: "Kati yetu sisi, nani ameuona?" Wote tukanyamaza. Ndipo wakanituma mimi, kwa sababu ninafanya kazi na vijana, nikae katika chumba kile jioni kadhaa, niangalie, nicheze, niulize, halafu nilete habari. Ninaandika hapa yale niliyoyaleta, kwa sababu ninajua makanisa mengine ya mashariki yana swali hilohilo.

Mchezo wenyewe ni upi

Katika chumba kile wanacheza michezo mingi, lakini ule ambao vijana wanaugombania ni Need for Speed: Most Wanted. Si mchezo mpya. Ulitoka mwezi wa Novemba 2005. Uliundwa na watu wa EA Black Box, mjini Vancouver, nchini Canada, na kuuzwa na kampuni ya Marekani inayoitwa Electronic Arts. Vijana wetu wanaucheza kwenye PlayStation 2, mashine ambayo Sony walianza kuiuza Japani mwezi wa Machi 2000. Mashine hizo ziliuzwa zaidi ya milioni 150 duniani. Watu wa nchi tajiri walipozichoka, nyingi zilisafiri mpaka kwetu kama vile nguo za mitumba zinavyosafiri.

Ni mchezo wa mbio za magari, lakini wa aina yake. Katika michezo ya zamani gari lilizunguka njia moja tu iliyofungwa. Hapa mji mzima uko wazi. Unaitwa Rockport, na haupo popote duniani, ni wa kubuniwa. Mchezaji anaweza kupita kulia au kushoto, kuingia mjini, kwenda pwani, kupanda milimani, kuchukua barabara kubwa au njia za uchochoroni. Kati ya shindano moja na jingine anaweza kutembea tu na gari lake, bila kuamriwa na mtu.

Hadithi yake ni hii. Dereva anafika mjini na gari zuri, BMW M3 GTR. Adui mmoja anayeitwa Razor analiharibu kwa siri, anamshinda katika mbio na kulichukua. Dereva anabaki bila kitu. Mbele yake kuna orodha ya madereva 15 ambao polisi wanawatafuta kuliko wote. Anapaswa kuwashinda mmoja baada ya mwingine, kuanzia wa 15 mpaka wa kwanza, ambaye sasa ni Razor mwenyewe. Na hapa kuna jambo ambalo wazazi hawalijui: kushinda mbio peke yake hakutoshi. Ili akubaliwe kupambana na kila mmoja wa orodha, lazima pia awachokoze polisi, wamfukuze, awakimbie, na apate alama kwa ajili ya fujo hiyo.

Mambo mazuri niliyoyaona

Nianze na mazuri, maana tukianza na mabaya vijana wanafunga masikio. Kupenda mwendo wa kasi si dhambi mpya iliyoletwa na televisheni. Yehu katika 2 Wafalme 9 alijulikana kutoka mbali kwa namna alivyoendesha gari lake la farasi.

La kwanza, mchezo huu hauhitaji intaneti. Ukiwa na mashine, diski na umeme, unacheza. Jambo hili ni kubwa kuliko linavyoonekana. Mchezo mwingine wa namna hiyo, The Crew, ulitolewa mwaka 2014 na kampuni ya Ufaransa, Ubisoft. Ulikuwa na ramani kubwa iliyofananishwa na Marekani yote, lakini haukuweza kuchezwa bila kuunganishwa na kompyuta za kampuni. Tarehe 31 Machi 2024 kampuni ilizizima, na watu waliokuwa wameulipia wakabaki na diski isiyofanya kitu. Forza Horizon 5 ya mwaka 2021, ambayo mji na milima yake ni ya Meksiko, inasifiwa sana kwa uzuri, lakini ukubwa wake ni karibu gigabaiti 100 au zaidi. Huku kwetu, ambako kijana ananunua megabaiti kwa kuzihesabu, huo ni mchezo wa kusikia tu. Ule wa zamani ni mdogo na mzito kidogo, lakini mwenye nao ni wake kweli.

La pili, unafundisha kukumbuka. Kijana mmoja ambaye walimu wanasema hashiki somo alinichorea ramani ya Rockport mchangani, na daraja, na njia za mkato. Nilipomwomba anichoree pia njia ya kutoka Nyangwe mpaka Kasongo, aliichora vilevile, na mahali pa matope, na mahali ambapo mvua imekula barabara. Kichwa chake kinafanya kazi vizuri. Ni sisi ambao hatukumwuliza maswali anayoyajua.

La tatu, unafundisha kushindwa na kurudia. Shindano moja linaweza kumshinda mtoto mara kumi. Hakuna anayemcheka kwa muda mrefu, kwa sababu anayesubiri zamu anajua naye atashindwa. Niliona wakubwa wakiwaonyesha wadogo mahali pa kupunguza mwendo. Niliona pia wa makabila tofauti wakigawana benchi moja, na katika nchi yetu jambo hilo si dogo.

La nne, hauna damu wala uchi. Mchezaji hashiki bunduki, haui mtu. Wazazi wengi wanauchanganya na mchezo mwingine unaochezwa kwenye mashine ileile, Grand Theft Auto: San Andreas wa mwaka 2004. Ule ni jambo jingine. Ndani yake mchezaji anaweza kupiga watu risasi, na huko Marekani uliandikiwa watu wa miaka 17 na zaidi, wakati Most Wanted uliandikiwa miaka 13 na zaidi. Mzazi akisema "michezo yote ni ya shetani", mtoto anajua mzazi hajatofautisha, na anaacha kumsikiliza hata pale anaposema kweli.

Mambo mabaya niliyoyaona

Sasa mabaya. Nitayataja manne, na la kwanza ndilo lililonisumbua usingizi.

Mji ule hauna watu. Niliangalia jioni ya kwanza bila kujua ni nini kinachokosekana. Kuna magari mengine, kuna malori, kuna polisi ndani ya magari yao. Lakini njiani hakuna mama mwenye kikapu kichwani, hakuna mtoto anayetoka shuleni, hakuna mzee, hakuna mbuzi, hakuna baiskeli yenye mzigo wa mihogo. Waliouunda waliwaondoa watembea kwa miguu wote. Kwa upande mmoja nawashukuru, kwa sababu bila hivyo watoto wangekuwa wanagonga watu mchana kutwa. Kwa upande mwingine, anayecheza kila siku anazoea barabara kama kitu kitupu, kilichowekwa kwa ajili ya mwendo wake peke yake. Barabara yetu si hiyo. Barabara yetu ni ya watu kwanza, na pikipiki inaomba njia.

Sisi watu wa Nyangwe tuna sababu ya kulitafakari jambo hili kuliko wengine. Zamani soko letu lilikuwa kubwa, watu walivuka Lualaba kwa mitumbwi kuja kuuza na kununua. Tarehe 15 Julai 1871, watu wenye bunduki waliokuja kwa biashara ya pembe na watumwa waliwapiga risasi watu waliokuwa sokoni, wengi wao wanawake. Wengine walikimbilia mtoni wakazama. Mskoti David Livingstone alikuwepo akaona, na maandishi yake yakasaidia kuamsha hasira huko Uingereza juu ya biashara ya watumwa. Waliokufa walihesabiwa kuwa kati ya 300 na 400. Sisemi kwamba mchezo wa watoto ni sawa na uovu ule, hasha. Ninasema tu kwamba mahali hapa tunajua inavyokuwa pale mtu anapopita katikati ya watu kana kwamba hawapo. Kanisa linapaswa kuwafundisha watoto kumwona aliye njiani.

La pili, mchezo unamvika taji mvunja sheria. Mtume Paulo, katika 2 Timotheo 2:5, anafundisha kwamba mwenye kushindana hapati taji asipofuata kanuni. Katika Rockport ni kinyume. Kadiri unavyoharibu magari ya polisi na mali ya serikali, ndivyo alama zako zinavyopanda. Na mwisho wa hadithi dereva hatubu wala hahukumiwi. Anaruka na gari lake juu ya daraja lililokatika, anawaacha polisi, anatoka mjini. Nilipowauliza vijana kwa nini wanafurahia sehemu hiyo, mmoja alijibu bila kuficha: "Njiani tunadaiwa pesa kila siku bila kosa. Pale angalau tunawakimbia." Neno hilo nalo tulisikie. Kijana asiyeona haki barabarani ataitafuta ndani ya mchezo. Lakini haki haiji kwa kukimbia. Aliyeonewa anahitaji wenzake, wazee wake na kanisa lake wasimame naye.

La tatu, mchezo unadanganya juu ya gari. Hauna mafuta ya kuisha. Gari linagonga ukuta na kuendelea. Kuna kitufe kinachopunguza mwendo wa wakati, ili dereva apate nafasi ya kugeuza gari mbele ya hatari. Magurudumu yanashika lami kuliko yanavyoshika kweli. Tena ni lami, si udongo wetu mwekundu baada ya mvua.

Hapa nieleze jambo ambalo kila motari anapaswa kulijua. Mwendo ukizidishwa mara mbili, umbali wa kusimama kwa breki hauzidi mara mbili tu, unazidi mara nne. Ukiwa kwenye kilomita 20 kwa saa unahitaji nafasi fulani ili usimame. Kwenye kilomita 40 unahitaji nafasi hiyo mara nne, na kwenye kilomita 60 mara tisa. Njia ikiwa na matope au kokoto, inaongezeka tena. Na kabla mkono haujakamata breki, pikipiki tayari imekwenda mbele kwa muda wote ambao macho yalihitaji kuona na kichwa kuamua. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba ajali za barabarani zinaua watu karibu milioni 1 na laki 2 kila mwaka, na kwamba ndizo zinazoongoza katika kuua watoto na vijana wa miaka 5 mpaka 29. Hiyo ndiyo miaka ya watoto wetu.

La nne, mchezo wenye mji wazi hauna jioni. Mchezo wa mpira unaisha refa akipiga filimbi. Huu hauishi. Ukimaliza mbio moja, kuna nyingine karibu, na gari jingine la kununua, na mtu mwingine katika orodha. Shirika hilohilo la Afya Duniani lilipitisha mwaka 2019 orodha mpya ya magonjwa, iliyoanza kutumika Januari 2022, na ndani yake umo ugonjwa wa kushikwa na michezo ya video. Dalili ni tatu: mtu hawezi tena kujizuia, mchezo unatangulia mambo mengine yote ya maisha, naye anaendelea hata akiona madhara. Kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu karibu miezi 12. Kwa hiyo tusimwite mgonjwa kila mtoto anayependa kucheza. Lakini mtoto aliyetumia pesa ya masomo, akadanganya, kisha akarudi tena kesho yake, huyo anahitaji msaada zaidi ya fimbo.

Jambo jingine la kukumbuka

Kuna neno moja nililowaambia vijana wenyewe, wakashangaa. Ndani ya mashine ile, na ndani ya simu zetu, kuna vipande vidogo vinavyotengenezwa kwa tantali, madini yanayotoka katika koltani. Koltani inachimbwa Maniema yetu na Kivu. Mwaka 2000 bei yake ilipanda sana duniani, kwa sababu simu, kompyuta na mashine za namna hii zilihitajiwa mno. Mwaka 2001 ikaanguka. Mashariki yote watu waliacha mashamba na vijana wakaacha shule kwa ajili ya machimbo, na vita vikapata chakula. Basi kijana wa Kasongo au Kabambare anaposhika manete, huenda anashika jasho la baba yake, lililokwenda mbali na kurudi likiwa chakavu. Nasema hivyo ili ajiulize: kwa nini sisi tunatoa udongo, wengine wanatoa ufundi? Walioujenga mji wa Rockport walikuwa wachoraji, wanahesabu, wapiga muziki na waandishi wa programu. Kijana aliyechora ramani mchangani angeweza kuwa mmoja wao, kama masomo yake hayangekatika.

Tulichokiamua

Nilipoleta habari hii, wazee hawakukubaliana mara moja. Wengine walitaka marufuku. Mwisho tuliona kwamba marufuku yangewasukuma watoto kwenda kucheza kwa siri, mahali ambapo hakuna mkubwa. Tulikwenda kuzungumza na mwenye chumba, ambaye naye ni mzazi. Alikubali mambo manne: hafungui saa za masomo, hampi mtoto mchezo kwa deni, michezo ya kuua watu haionyeshwi mbele ya wadogo, na Jumapili asubuhi chumba kinafungwa. Kumbukumbu la Torati 22:8 inamtaka mwenye nyumba aweke ukuta mdogo kuzunguka dari, mtu asianguke. Anayefungua chumba cha watoto naye ana ukuta wa kujenga.

Wazazi tuliwaomba neno moja: nendeni mkaone. Mkae nusu saa. Mwulizeni mtoto anieleze huyu ni nani, kwa nini anakimbia, na mwisho wake ni nini. Mtoto anayeeleza mchezo wake kwa mama yake anaanza kuufikiri.

Na wamotari tuliwaita siku moja kwenye barabara iliyo karibu na kanisa. Tulifunga kamba kwenye mti, tukasema: ukifika hapa, kamata breki. Wa kwanza alipita polepole, akasimama hatua nne mbele ya kamba. Kisha tukaweka bidoni tupu umbali wa hatua kumi kutoka kwenye kamba, tukamwambia kijana yule wa kukata kona apite kwa mwendo mara mbili ya ule. Alikamata breki palepale kwenye kamba, kwa ustadi kabisa. Pikipiki iliipiga bidoni, ikasimama hatua sita mbele yake.

Hakuna aliyecheka. Yeye mwenyewe alirudi akaiokota bidoni, akaiangalia, akasema: "Kule hakuna mtu wa kumgonga." Mama yake alikuwa amesimama pamoja na wamama wengine. Hakusema neno.

Kijana yule bado anacheza siku ya Jumamosi. Bado ni motari. Lakini wamama wanaobeba vikapu kwenda sokoni wananiambia kwamba anapofika karibu nao anapunguza mwendo, anawasalimu, kisha anapita.